Kifurushi cha Fundi Saa

9 Machi

Shemeji,

Salamu nyingi, zimejaa kama sponji kwenye kochi jipya. Natumaini goti lako limeshika adabu na jiko la chuo bado linatetemeka ukifoka. Huku sisi wazima. Nikisema sisi namaanisha mimi na paka, na paka mwenyewe siku hizi ananitazama kama mgeni. Binti yetu kaleta habari kwamba mtoto wake ameota jino la kwanza na siku hiyohiyo amemng'ata baba yake. Ukoo uko salama.

Simu umenizimia mara tatu, Jenerali. Basi nakuandikia, karatasi haizimwi. Shule sikwenda, kusoma nimejifunzia kwenye maboksi ya misumari, kwa hiyo ukiona maneno yamebanana usinicheke. Barua nampa dereva wa basi la asubuhi. Siti anayokalia nimeishona mimi, hawezi kunikatalia.

Sasa sikiliza. Najua habari imeshakufika, na imefika imepinda. Mtaa mzima unaisimulia vibaya. Muuza mkaa anasema nilimpiga Fundi Saa. Uongo! Yule mtu nikimpiga atamwagika vipande ambavyo hata yeye hataweza kuviunga. Mama wa duka la madaftari anasema nilianguka nikatoka povu. Povu la nini, mimi sabuni? Halafu wote wanatikisa vichwa kwa pamoja, "Maskini, sukari ilimshuka." Hapo ndipo wanaponiudhi. Sukari yangu haishuki! Mwaka wa nne huu najidunga insulini, asubuhi na jioni, na mkono haujawahi kutikisika. Wanaoshuka ni watu laini. Kichwa changu siku ile kilikuwa safi kama kioo cha kinyozi.

Ilivyokuwa ni hivi. Karakana yangu na kibanda cha Fundi Saa vinatazamana, kati yetu ni njia ya mkokoteni mmoja. Unamjua: shati limefungwa vifungo mpaka kooni, kucha kazikwangua kwa tupa, jicho moja lina lenzi. Kila asubuhi mdogo wako ananisindikiza kazini, vizuri, kama mke. Halafu akirudi nyumbani anapita kwenye kile kidirisha. Anatoa kifurushi kwenye mkoba, cha karatasi, kidogo kama kiberiti, kimekunjwa kwa heshima zote. Fundi Saa anakipokea, anakitia kwenye droo, anafunga. Wananong'ona. Wanacheka. Anaondoka.

Miezi mitatu, shemeji! Mimi nimemwoa mwaka wa thelathini na moja huu, sijawahi kupewa kifurushi.

Ngoja, kuna zaidi. Ikifika saa nne hivi, yule bwana ananiita, "Bwana Makochi, hebu vuka tunywe chai." Chai yenyewe, shemeji, ni vijiko vinne vya sukari. Vinne! Anajua nina kisukari, mtaa wote unajua. Sasa kumpa mtu kama mimi chai ya namna ile ni nini? Si anataka nife taratibu, yeye arithi? Utaniuliza kwa nini nilikuwa naimaliza. Nilikuwa naimaliza ili aone simwogopi.

Basi Jumanne ile nikavuka. Nikamwambia, "Fungua droo."

Akaniangalia kwa lile jicho la lenzi, kubwa kama yai. "Siwezi, ndugu yangu."

"Huwezi kwa nini?"

"Nimeahidi."

Ameahidi! Amemwahidi mke wangu, mbele ya uso wangu! Nikaishika droo, yeye akaishika, mimi nina mikono ya kuvuta turubai, yeye ana mikono ya kushika springi ya saa, nyembamba kama unywele. Droo haikutoka. Lakini trei yake ya kazi ikapaa. Skrubu, magurudumu, mishale, vyote barabarani. Watu kumi na mmoja wakapiga magoti kuokota, na hata hapo nilisimama wima, maana kosa halikuwa langu.

Ndipo mdogo wako akatokea na chakula changu cha mchana. Akauliza kuna nini. Nikamwita neno moja mbele ya watu. Neno lenyewe silirudii hapa, karatasi bado nyeupe.

Aliweka bakuli chini, akapiga magoti na wale wengine, akaokota mpaka skrubu ya mwisho. Akajipangusa magoti. Niliporudi nyumbani jioni, kanga zake hazipo kwenye kamba.

Kama amepita kwako, usimwambie nimeuliza. Mwambie paka anaulizia.

Shemeji yako,
Bwana Makochi


30 Machi

Shemeji,

Salamu zako nimezipata. Goti langu bovu kama kawaida. Jikoni wametuletea sufuria jipya kubwa kiasi kwamba mpishi mwenzangu kaingia ndani kulisugua na ilibidi tumvute. Mjukuu mbusu kwa niaba yangu, mbali na meno.

Nimekawia kukujibu kwa makusudi. Nilianza barua mara mbili na zote mbili zilikuwa matusi matupu, nikawashia moto.

Yuko wapi sikuambii. Yuko salama, anakula, analala. Hiyo inakutosha kwa sasa. Na habari ya paka ameicheka kidogo, halafu akakumbuka, akaacha.

Wewe umeniandikia kurasa mbili za sifa. Mimi nataka vitu vitatu vidogo. Kwanza, una kochi refu la kijani ulilolimaliza Februari na mwenyewe hajaja kulichukua. Usiniulize nimejuaje. Ligeuze uangalie mshono wa chini, unijibu unaona nini. Pili, unajidunga saa ngapi na unakula saa ngapi? Si saa ulizomwambia nesi. Saa za kweli. Tatu, chai ya Fundi Saa ukiimaliza, unajisikiaje baada ya robo saa?

Usitie chumvi, shemeji. Mimi ndiye mpishi.

Ni mimi,
uliyenipa cheo cha Jenerali bila mshahara


21 Aprili

Jenerali,

Salamu. Mvua imepiga, karakana inavuja sehemu moja tu, nayo ni juu ya kichwa changu. Binti yetu anasema nimsalimie mama yake. Nimemwambia mama yake katoka. Akauliza, "Wiki sita, baba?" Nikamwambia foleni ndefu.

Na usinidanganye. Yuko hapo kwako. Bahasha yako imekunjwa pembe kwa ndani, na wewe tangu nikujue hujawahi kukunja hata godoro. Ni mkono wake ule. Nimeinusa, sioni aibu kusema.

Haya, maswali yako. Kochi nimeligeuza. Shemeji, mshono wangu unaujua, wa sifa, unaweza kupitisha treni juu yake. Nimekuta umenyooka, umenyooka, halafu kama urefu wa shubiri hivi umepinda huku na huku kama njia ya kuku, halafu umenyooka tena mpaka mwisho. Nikageuza kiti cha pili, hivyohivyo. Cha tatu, hivyohivyo. Nadhani ni panya.

Najidunga saa kumi na mbili asubuhi. Kula, nakula nikipata nafasi. Kazi kwanza. Nesi nilimwambia nakula papo hapo kwa sababu ana uso wa kutaka kusikia hivyo.

La chai nilitaka kuliruka. Lakini lilinitokea jambo, na sina wa kumwambia.

Fundi Saa haniiti tena. Anafungua kibanda, anainamisha kichwa, basi. Juzi nilikuwa na kiti cha mwalimu mkuu, yeye mwenyewe kasimama anasubiri. Saa nne na kitu. Nachukua uzi nitunge sindano, hauingii. Nalamba, hauingii. Jasho linanitoka kama nimenyeshewa, na feni inazunguka. Midomo inawasha kama nimekula pilipili. Moyo mbio. Njaa, shemeji, njaa ya kutaka kutafuna ngozi ya kiti! Na hasira. Mwalimu kaniuliza tu, "Mzee, upo sawa?" Nikamjibu, "Kwani wewe ndiye mwenye mikono?"

Nikaona haya. Kwenye rafu naweka soda kwa ajili ya wateja wakubwa. Nikajifanya mteja mkubwa, nikainywa yote nimesimama. Nikakaa kwenye fremu isiyo na sponji, springi zinanichoma. Baada ya robo saa hivi uzi ukaingia tundu la sindano wenyewe, kama haujawahi kukataa.

Nadhani ni joto.

Lakini ngoja nikuulize mimi sasa. Wiki iliyopita Fundi Saa kafunga kibanda siku mbili. Siku mbili nzima! Karudi amenyoa. Mtu wa umri ule ananyoa kwa ajili ya nani? Alikuja huko? Aliketi wapi? Alipewa chai? Nani aliikoroga? Nakwambia nikikaa kimya nasikia kijiko kikigonga kikombe, na mkono ni wa mdogo wako, na kikombe si changu. Nijibu hilo tu. Mengine acha.

Shemeji yako


14 Mei

Shemeji,

Salamu za kwanza zitoke kwa huyo asiyetaka nikusalimie kwa niaba yake. Ndiyo, yuko hapa. Yuko tangu siku ileile, analala kitanda cha dirishani. Pembe za bahasha zimetuumbua.

Fundi Saa hajafika hapa. Kama alinyoa, nywele zilikuwa ndefu. Unataka na mimi ninyoe ndipo uridhike?

Jana nachambua maharage, akaja kukaa karibu yangu. Barua yako ilikuwa mezani. Akaisoma pale pa sindano na soda, akairudia mara nne. Akasema, "Dada, siku hiyo hakukuwa na mtu wa kumwita."

Nikamwambia, "Nimwambie?"

"Mwambie. Mimi sina nguvu ya kuambiwa tena kwamba namfanya mgonjwa."

Basi kaa chini. Kaa pasipo na springi.

Mdogo wangu alianza kuona mwaka jana. Kila ukiwa na kazi nyingi, saa nne unageuka mkali kama siki, saa tano umekuwa mtu tena. Akageuza makochi yako, akakuta ile njia ya kuku. Panya gani anayeshona, shemeji? Akaenda kwa nesi peke yake. Nesi akamweleza: insulini ikishaingia na chakula kisije, sukari inashuka. Ikishuka kidogo tu, mikono inatetemeka, jasho, njaa, hasira. Dawa yake ni ndogo: kitu kitamu upesi, chai ya sukari au soda ya kawaida, usubiri robo saa, upime, kisha ule chakula cha kweli. Ukipuuza inaweza kuendelea kushuka mpaka ukaanguka. Akakuambia. Unakumbuka ulimjibu nini? "Unanitangaza." Akakuwekea pipi mfukoni, ukazitupa kwenye pipa mbele yake. Akakuletea uji karakanani, ukampa fundi gari.

Akakaa akawaza: nani anamtazama huyu mtu kutwa nzima? Ni yule wa ng'ambo ya njia, mwenye lenzi.

Vifurushi ni sukari. Vijiko vinne, chai ya siku moja. Kila asubuhi alimpelekea kwa sababu hakutaka sukari yako itoke mfukoni kwa mtu mwingine, na kwa sababu alitaka kusikia jana ilikuwaje. Na Fundi Saa, kwa kuwa ni fundi saa, alikuwa anamwambia mpaka dakika: "Jana aliloa jasho saa nne na dakika kumi na saba, akanywa, saa nne na thelathini na tatu akaanza kunitukana kwa afya." Hicho ndicho walichokuwa wanacheka. Walikuwa wanakucheka wewe. Alimwahidi hutajua, kwa sababu ungejua ungekataa kunywa, na wewe na mimi tunajua hilo ni kweli.

Lile neno uliloliruka kwenye barua yako ameniambia. Nilikuwa naunga mboga. Nilizima jiko.

Hajasema atarudi, wala hajasema hatarudi. Anasema anataka kujua aliyesema neno lile ni nani. Mimi sijui kumjibu. Kazi ni yako.

Dada wa mke wako


2 Juni

Shemeji,

Salamu. Leo sina utani. Huo mmoja utauona nimeshindwa kuuzuia.

Barua yako nilikaa nayo ndani ya kochi la kijani. Ndani, siyo juu, nililing'oa viti nikakaa katikati ya mbao kama mayai kwenye kiota. Halafu nikavuka njia.

Fundi Saa aliponiona akaikumbatia trei yake. Nikamwambia, "Sijaja kwa ajili ya trei."

"Umekuja kwa ajili ya droo?"

"Nimekuja kuomba radhi."

Akatoa lenzi jichoni. Sijawahi kumwona akiitoa. Jicho lenyewe dogo tu, la mtu wa kawaida. Akafungua droo bila kuombwa. Vifurushi sita vimebaki, vya siku ambazo sikuvuka, vimepangwa kama sabuni dukani, na kidaftari chenye saa na dakika za jasho langu. Shemeji, nilidhani mtu ananipigia hesabu ya kufa, kumbe ananihesabia dakika za kuishi. Akachemsha maji. Akanywa yake bila sukari. Kumbe hapendi sukari hata kidogo! Miezi mitatu alikuwa anakunywa tamu ili mimi nisishtuke. Huo ndio ubaya wa watu wema, hawakuachii pa kuwashika.

Nesi nimemwendea. Nimemwambia saa za kweli. Amenipunguzia ya asubuhi kidogo, na ameniambia nikishajidunga nikae mezani, makochi hayana miguu ya kukimbia. Nina sukari kwenye kopo la misumari. Nina mashine ya kupimia kwenye droo ya mikasi.

Ila nitakwambia jambo moja, na umwambie. Bado linaniuma. Najua kilichokuwa kwenye kifurushi, najua sababu yake, na bado linaniuma kwamba jasho langu alimsimulia mwanaume mwingine. Udhaifu wangu walikuwa wanaushika wawili, kama shuka wakati wa kukunja, huyu pembe hizi, yule pembe zile, na mimi sipo.

Na anauliza aliyesema neno lile ni nani. Mjibu hivi: ile ilikuwa sukari. Mtaa ulikuwa sawa, mimi ndiye niliyekosea. Nilipima baada ya vurugu ile nikaficha kwa aibu: tatu na nukta moja, na nesi anasema chini ya nne ni kushuka. Mtu mwenye tatu na nukta moja si mtu, ni njaa iliyovaa suruali. Yule hakuwa mimi. Mwambie hakuwa mimi.

Paka amekonda.

Shemeji yako


18 Juni

Shemeji,

Salamu, fupi, nina wali jikoni.

Nilimpa barua akaisoma mwenyewe. Pale pa "hakuwa mimi" alilia, na mdogo wangu si mtu wa kulia, tulipozika wazazi wetu yeye ndiye alikuwa anagawa maji. Akasema, "Nilijua. Nilijua hawezi kuwa yeye." Tangu juzi anaimba akifua. Amempigia simu binti yenu akamweleza ni sukari tu. Amempigia muuza mkaa. Amempigia hata mama wa duka la madaftari akawaomba radhi wote kwa niaba yako, na wote wamesema hawana neno, ugonjwa ni ugonjwa.

Anakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Mimi namfungia mizigo kwa shingo upande, maana nimezoea kukunjiwa nguo.

Mshukuru Mungu kwa hiyo tatu na nukta moja. Bila hiyo nisingemwachia.

Jenerali


Ijumaa, 21 Juni

Shemeji,

Salamu kwako na kwa goti. Barua hii nampa dereva wa basi la mchana aishushe leo hiihii kwako, kabla ya kesho asubuhi. Siyo yako. Mpe mdogo wako. Lakini mpe kabla hajapanda.

Mke wangu,

Paka hajakonda. Amenenepa, anakula chakula cha wawili. Huo uongo ni mdogo, nimeanza nao ili nipate mwendo.

Tangu upige zile simu, mimi ni mfalme hapa. Muuza mkaa ananiambia pole. Mama wa duka la madaftari ananiletea ndizi, ananitazama mpaka niimalize. Jana mtu nisiyemjua kanishika bega, "Mzee, tumesikia, usijilaumu, ile ni sukari." Hata Fundi Saa anasema yameisha. Tamu sana, kusamehewa na mtaa mzima kwa siku moja. Nikasema moyoni, nyamaza wewe, mwanamke anarudi, funga mdomo uupige uzi.

Leo asubuhi nikashuka. Kweli. Nilijidunga, nikala nusu ya mkate kwa sababu mteja aligonga. Saa nne mikono ikaanza, jasho, midomo ikawasha. Sikujivunga. Nilimwambia mteja, "Dada, sukari yangu imeshuka, nipe robo saa." Nilidhani dunia itapasuka. Yule dada akasema, "Sawa, babu," akaketi. Nikapima, tatu na nukta tano. Nikakoroga vijiko kwenye maji, nikanywa, nikakaa. Robo saa, nikapima, nne na nukta sita. Nikala mkate uliobaki na karanga. Basi. Hivyo tu. Miezi yote ile nilikuwa najificha kwa kitu cha robo saa.

Ila nilipokuwa nimekaa pale nikajichungulia, wewe unajua mimi ni mtu wa kujitazama. Nikajiuliza, nikiwa huku chini namwonea nani wivu? Mke wangu, hakuna. Fundi Saa alikuwa palepale mbele yangu, kanyoa, kapendeza, sikumwona hata kidogo. Nilimfokea paka, nilitukana mkasi, na nilichokuwa nawaza ni mkate. Sukari ikishuka mimi nawaonea wivu wenye mikate tu.

Ndipo nikajua siwezi kukuacha upande basi hivi hivi. Ukija ukidhani ni sukari, siku nyingine wivu ukinishika utaniletea chai. Nitainywa, nitasema asante, na ule wivu utakuwa umekaa palepale, umeshiba.

Kwa hiyo nakwambia mwenyewe, dada yako asikutafsirie.

Jumanne ile nilikuwa nimepanga tangu Jumapili. Nilijua nakwenda kugombana, na mimi sigombani na njaa. Nilikula vipande vinne vya mkate na yai. Kabla ya kuvuka njia nikapima, ili mtu asije akanitupia neno la sukari, nimkomeshe kwa namba. Neno nililokuita lilitoka kwenye tumbo lililoshiba. Aliyesema ni mimi, mumeo, kichwa safi, mikono imetulia, kwa sababu nilikuona ukicheka na mtu mwingine na nilikuwa na muda mrefu sijakuchekesha.

Nimemwambia Fundi Saa leo. Akatoa lenzi, akaipangusa. Halafu akasema, "Mwandikie."

Kesho saa saba nitakuwa stendi. Nitakuwa nimekula, nitakuwa nimepima. Nitakalosema pale litakuwa langu, na ukishuka au usiposhuka nitajua ni kwa ajili yangu mimi, siyo ya sukari.

Ile tatu na nukta moja niliitunga. Mashine ilisema sita na nukta nane.